Mashine ya Kukata Nyasi Inatema Oili? Kabla Fundi Akufungulie Injini, Soma Hii Kwanza

Mvua ikishika Trans Nzoia na Bungoma, nyasi huota kama zinadaiwa. Ukikata Jumatatu, ukirudi wiki ijayo unapata zimefika kwa goti tena. Shule zinataka uwanja ukatwe, makanisa yanataka, gesti zinataka, na wale wamejenga boma safi huko Milimani Kitale ama pande za Kanduyi hawataki kuona ng'ombe wa jirani akiwasaidia kazi. Hapo ndipo wasee wengi wamejitengenezea hasoo. Unanunua mashine moja, unaifunga nyuma ya nduthi, unazunguka nayo kutoka Kiminini mpaka Kamukuywa, na jioni unarudi home na kitu kwa mfuko.

Halafu siku moja mashine inaanza vituko. Inatoa moshi ya bluu. Chujio la hewa limelowa oili kama mandazi. Kwa kifuniko cha oili kuna kitu inachuruzika, na chini, pale kisu kimefungwa, kuna oili imeshikana na nyasi ikakuwa uji mweusi. Unaipeleka kwa fundi. Fundi anaivuta kamba mara mbili, anaangalia moshi, anatikisa kichwa: "Boss, hapa ringi zimekwisha. Tufungue injini."

Pengine ni kweli. Lakini mara mob si kweli, na hiyo sentensi moja inaweza kukula kazi yako ya mwezi mzima. Injini inafunguliwa, ringi mpya zinaingia, gasketi mpya zinaingia, unalipa, na baada ya siku mbili oili inaanza kutoka palepale. Sasa fundi anasema ni silinda. Ukifika silinda, wewe na mashine mpya mnaangaliana tu.

Shida yenyewe inaweza kuwa presha ya ndani ya tumbo la injini. Tumbo ni ile sehemu ya chini, pale krenki inazunguka na oili imekaa. Mafundi wengi wanaijua kwa mkono, lakini wachache wanakaa chini kukuelezea. Wacha tufanye hiyo kazi.

Pistoni inasukuma pande mbili

Watu wengi wakifikiria pistoni, wanafikiria upande wa juu: petroli na hewa zinaingia, plagi inapiga cheche, mlipuko, pistoni inashuka. Sawa. Lakini pistoni iko na upande wa chini pia. Ikishuka, inafinya hewa yenye iko kwa tumbo. Ikipanda, inaivuta. Yaani chini ya kila pistoni kuna pampu, upende usipende.

Chukua Honda GX160, ile injini imejaa kila mahali Western, yeye na mandugu zake wa kutoka China. Hiyo injini utaipata kwa pampu ya maji, kwa mashine ya kupukuchua mahindi, kwa mashine ya kukatakata nyasi za ng'ombe, na kwa mashine zingine za kukata uwanja. Ujazo wake ni cc 163. Ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, pistoni inashuka mara 60 kila sekunde. Piga hesabu: cc 163 mara 60 ni karibu lita 10 za hewa zinasukumwa na kuvutwa ndani ya tumbo kila sekunde moja. Na hilo tumbo ni dogo, halifiki hata sufuria ya ugali ya watu wawili.

Kwa matatu ama Probox hii kitu haisumbui sana, kwa sababu iko na pistoni nne. Mbili zikishuka, mbili zinapanda, kwa hivyo nafasi ya chini inabaki karibu ileile. Mashine ya nyasi iko na pistoni moja peke yake. Hakuna mwenzake wa kusawazisha. (Boda yako pia iko hivyo, na ndio maana mengi ya haya utayakuta kwa pikipiki.)

Sasa ongeza kitu cha pili. Ringi za pistoni, hata zikiwa mpya kabisa, hazifungi asilimia mia. Kila mlipuko ukitokea, moshi kidogo unapenya kando ya ringi na kuingia chini kwa tumbo. Kwa injini nzima ni kidogo tu, lakini haukomi. Kama huo moshi hauna pa kutokea, presha inapanda, na presha ikipanda itatafuta mlango wenyewe. Mlango rahisi ni sili ya krenki, gasketi, ama kijiti cha kupimia oili. Na ikitoka, inatoka na oili.

Mlinda mlango anaitwa briza

Ndio maana kila injini ya hii saizi iko na kipumulio, kile mafundi wanaita briza. Ni valvu ndogo ya njia moja. Kwa Briggs & Stratton za zamani, zile valvu zao ziko kando ya silinda, briza imefichwa nyuma ya kifuniko kando ya injini, na ndani kuna kisahani chepesi kinachocheza. Kwa GX160 utaona kipaipu cha mpira kinatoka kwa kavari ya valvu na kuingia upande wa chujio la hewa. Kwa zingine ni kibati chembamba kinachopepea.

Kazi yake ni simple. Pistoni ikishuka, hewa ya tumbo inafinywa, briza inafunguka, hewa inatoka. Pistoni ikipanda, briza inajifunga chap, hewa ya nje hairudi. Inatoa kila wakati, hairuhusu kurudi. Matokeo yake ni kwamba injini yenye afya haina presha kwa tumbo. Iko na kinyume cha presha: mvuto kidogo, kama vile ukinyonya soda kwa mrija.

Hii ndio pointi wengi hawaijui, na ndio inaelezea kila kitu kingine. Sili ya krenki na gasketi za hizi injini hazitegemewi kuzuia oili kwa nguvu. Mvuto wa ndani ndio unasaidia oili ibaki ndani. Hata kama sili imezeeka kidogo, hewa itakuwa inaingia badala ya oili kutoka. Mvuto ukipotea, sili ileile yenye jana ilikuwa fiti leo inachuruzika, na mtu anailaumu sili.

Lakini huo mvuto uko na upande mbaya. Kama kijiti cha oili hakijafungwa vizuri, ama kile kipete chake cha mpira kimekatika, injini itavuta vumbi ndani. Vumbi likiingia kwa oili linasaga ringi polepole, kama mchanga kwa omena. Kipete cha shilingi chache kinaua injini nzima, na hakuna mtu atakishuku.

Ule moshi wa briza nao huwa unarudishwa kwa njia ya hewa, uende ukachomwe tena. Hiyo si uchoyo wa kampuni. Ilianzia kwa magari: California ndio ilishika mstari wa mbele, na magari ya modeli ya 1961 huko yakaanza kuwekewa mfumo wa kurudisha huo moshi kwa injini, kwa sababu hewa ya Los Angeles ilikuwa imekuwa chafu mpaka macho yanawasha. Kwako inamaanisha kitu kimoja: briza ikitema oili, oili inaishia kwa chujio la hewa, kisha kwa kabureta, kisha kwa silinda. Ndio ile moshi ya bluu. Ringi hazijahusika popote.

Kinachoharibu mambo

Kitu cha kwanza, na hiki kiko kila mahali, ni oili kupita kiasi. Oili inauzwa kwa chupa ya lita moja. Msee ananunua, anafungua, anamwaga yote. Si ameinunua? Lakini GX160 inataka karibu lita 0.6 tu, na injini nyingi za mashine za nyasi ziko karibu na hapo. Ukimwaga lita nzima, nafasi ya hewa kwa tumbo inapungua, krenki inachapa oili mpaka inakuwa povu, na povu linapanda kwa briza. Mashine inatoa moshi kama posho mill ya zamani. Mwenyewe anaona moshi, anadhani oili imepungua, anaongeza.

Kupima nako kuna njia yake. Kwa GX160 kijiti unakiingiza bila kukifunga kwa nyuzi, ukiwa umeweka mashine mahali pametulia. Kuna injini zingine ambazo lazima ukifunge kabisa ndio usome. Kitabu cha mashine kinasema, na kama kitabu kilipotea, mara nyingi kuna stika kwa injini yenyewe. Kupima mashine ikiwa kwa mteremko ni kujidanganya.

Pili ni kuibeba. Mashine imelazwa kwa nduthi, imefungwa na mpira wa tyubu, kutoka Webuye mpaka Misikhu ikiangalia mbinguni ama ikiangalia lami. Kama imelala upande wa kabureta uko chini, oili inateremka yenyewe kwa briza mpaka kwa chujio. Ukifika kwa kazi ukawasha, moshi inatoka mpaka mwalimu mkuu anatoka ofisini. Hapo injini haijaharibika. Acha oili irudi chini, kausha chujio, iwashe, moshi itaisha yenyewe. Ukitaka kuigeuza kusafisha kisu, toa waya wa plagi kwanza, kisha iinamishe ili kabureta na chujio vibaki juu. Na funga koki ya petroli kabla ya safari. Hii koki tutarudi kwayo.

Tatu ni briza yenyewe kuziba ama kukwama. Oili ya zamani ikichanganyika na mvuke inakuwa kama gundi. Kisahani kinashikana. Kikishikana kimefunga, presha haina pa kutokea, na sili zinatii amri. Kikishikana kimefunguka, hewa inaingia na kutoka vile inataka, mvuto unapotea, na oili inaanza kutafuta njia. Kipaipu cha mpira pia kinaweza kukunjika ama kuzibwa na tope, ama na nyigu wadogo wenye wanapenda kujenga kwa matundu. Mashine yenye ilikaa stoo msimu wote wa kiangazi, anza kuangalia hapo.

Kwa zile Briggs za kisahani kuna kipimo cha haraka: waya wa unene wa kama milimita 1.1 haufai kupenya kati ya kisahani na kiti chake. Ukipenya, badilisha briza. Usijaribu kukikunja kisahani, ni laini, kitavunjika ama kitapinda. Na ukirudisha, weka gasketi mpya, na hakikisha katundu kale kadogo ka kurudisha oili kameangalia chini. Fundi akikageuza juu, oili itajaa kwa briza na shida itakuwa ileile, sasa ukiwa na gasketi mpya.

Na hapa wacha niseme kitu kwa sauti. Kuna tabia ya kuona kipaipu cha briza kinatoa oili, halafu mtu anakiziba na bolti ama anakipaka gundi ya gasketi. Oili inaacha kutoka hapo. Msee anashangilia. Hiyo ni kama kufunga domo la sufuria inayochemka. Presha yote sasa inaelekea kwa sili ya krenki, na kwa mashine za kusukuma sili moja iko chini kabisa, juu ya kisu, mahali huoni mpaka oili iishe. Injini bila oili haichukui muda. Pistoni inashikana, na hapo ndio fundi atakuwa na haki ya kukuambia mambo ya injini nzima.

Nne ni gasketi ya hedi. Kwa injini zenye valvu ziko juu, kuna tundu kando ya silinda pale pushirodi zinapita, na hilo tundu linaungana moja kwa moja na tumbo. Gasketi ikipasuka katikati ya silinda na hilo tundu, kila mlipuko unapuliza moto wake chini. Presha inapanda kushinda hata ringi zilizokufa. Dalili zinafanana kabisa na za ringi: moshi, oili kwa chujio, kijiti kinataka kuruka. Ndio maana watu wanabadilisha ringi na mashine inaendelea na tabia zake, ama inapona kwa bahati kwa sababu fundi aliweka pia gasketi mpya, halafu sifa zinaenda kwa ringi. Gasketi ya hedi ni kazi ndogo ukilinganisha na kutoa pistoni. Anza nayo. Na bolti za hedi zikazwe kwa mpangilio na kwa spana yenye inapima nguvu, si kwa kusikia tu kwa mkono.

Kitale si Mombasa

Hii sehemu wauzaji hawakuambii. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Bungoma iko chini kidogo, kama mita 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi, karibu asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Kabureta nayo imetengenezwa kiwandani ikidhani wewe uko sehemu ya chini. Inamwaga petroli ileile, hewa ikiwa pungufu. Kitabu cha GX160 kinasema nguvu ya injini inapungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unapopanda, na kwamba mtu anayefanya kazi kila siku juu ya mita 1,500 abadilishiwe jeti ya kabureta. Angalia hizo namba tena. Msee wa Bungoma yuko chini ya huo mstari, msee wa Kitale yuko juu yake na mbali.

Hiyo inaingiana aje na presha? Petroli ikizidi, nyingine haichomeki. Inateremka kando ya silinda, inaosha ile oili inayolinda ringi, inaingia kwa tumbo. Oili inakuwa nyepesi kama maji ya mboga na kipimo chake kinapanda. Sasa una yale matatizo mawili kwa mpigo: oili imezidi, na ringi zinasagika haraka. Ongeza baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba, mtu anavuta choki ndio mashine iwake, anasahau kuirudisha, anakata uwanja mzima choki ikiwa nusu.

Halafu ile koki ya petroli. Ukibeba mashine kwa barabara mbaya na koki iko wazi, kile kisindano cha kabureta kinatikisika, petroli inapita, inajaza silinda na kushuka kwa oili. Ukitoa kijiti ukinusa petroli, usiwashe hiyo mashine. Huo si mchezo, tumbo limejaa mvuke wenye unaweza kushika moto. Mwaga oili yote, weka mpya, tengeneza kabureta kwanza.

Jipimie mwenyewe

Hakuna haja ya mashine ya maabara. Kama injini yako iko na shingo ndefu ya kuwekea oili, toa kijiti, vika shingo na glavu ya mpira ile ya hospitali, ifunge vizuri na rababendi, kisha washa mashine ikiwa imetulia taratibu. Weka mkono mbali na kisu, na usifanye hivi kwa injini yenye tundu lake la oili liko chini kando, kwa sababu oili itaruka. Glavu ikinyonywa ndani ama ikabaki imelegea ikitikisika, mvuto upo. Ikijaa na kusimama kama inakupungia mkono, kuna presha.

Ukitaka kipimo cha kweli, tafuta mpira wa plastiki unaoonekana ndani, kama mita mbili. Ukunje kama herufi U, uufunge kwa ubao, weka maji nusu. Upande mmoja unaingia kwa shingo ya oili kupitia kizibo kilichobana, upande mwingine unabaki wazi. Weka klipu ya kufunga mpira karibu na injini. Washa ikiwa imefungwa, ongeza moto mpaka juu, kisha fungua klipu. Maji yakipanda upande wa injini, ni mvuto. Yakisukumwa upande wa nje, ni presha. Kampuni ya Kohler kwa injini zake inataka maji yapande angalau sentimita 10.2 zaidi upande wa injini. Kampuni zingine ziko na namba zao, lakini upande wa kuelekea ni uleule. Funga klipu kabla ya kuzima, la sivyo injini itakunywa maji.

Ukishajua kuna presha, swali linabaki: inatoka wapi? Toa kipaipu cha briza kwa chujio uangalie. Pumzi ndogondogo ni kawaida. Ukiona moshi unatoka kwa kishindo bila kupumzika, kuna kitu kinavuja kutoka juu.

Hapo watu hukimbilia geji ya kupima kompreshoni. Shida ni kwamba injini nyingi ndogo ziko na kifaa cha kupunguza kompreshoni wakati wa kuvuta kamba, ndio usivunjike mkono. Geji itasoma chini hata kama injini ni mpya. Njia bora ni hewa. Yule jamaa wa pancha ako na kompresa. Fundi mwenye akili anatoboa plagi ya zamani, anaunganisha valvu ya gurudumu, anaweka pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, kisha anaingiza hewa taratibu. Kabla ya hapo, kisu kitolewe na krenki ishikiliwe, kwa sababu hewa inaweza kuizungusha kwa nguvu. Halafu unasikiliza. Ikilia kwa sailensa, ni valvu ya kutoa moshi. Ikilia kwa kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ikilia kwa shingo ya oili, ni ringi ama ile gasketi ya hedi. Sasa unafungua hedi kwanza, unaangalia gasketi kama kuna alama nyeusi imepita kuelekea tundu la pushirodi. Ikiwa safi, basi fundi wako alikuwa sawa, ringi zifuatwe.

Na kama ni ringi, mwambie akuonyeshe. Ringi ya zamani inatolewa kwa pistoni, inaingizwa peke yake ndani ya silinda, na ule mwanya kati ya ncha zake unapimwa na zile chuma nyembamba za kupimia. Kitabu kinasema mwisho wake ni ngapi. Fundi mzuri hatakasirika ukiuliza.

Wenye ile ya kubeba begani

Kuna wasee wanasoma hii wakiwa na ile mashine ya kubeba begani, ya petroli iliyochanganywa na oili. Wengi wenu mko na hiyo, si ya kusukuma. Kwenu mambo ni kinyume kabisa. Injini hiyo haina oili kwa tumbo wala haina briza. Presha ya tumbo ndio kazi yenyewe: pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko ndani ya tumbo, ikishuka inaufinya uende juu kwa silinda. Kwa nyingi, mapigo hayohayo ndiyo yanaendesha pampu ndogo ya petroli ndani ya kabureta.

Kwa hivyo kwenu tumbo lazima lizibe kabisa. Sili ikivuja, hewa ya ziada inaingia, petroli inakuwa pungufu, na oili nayo pungufu kwa sababu zinakuja pamoja. Dalili yake ni mashine kupiga kelele ya juu yenyewe hata ukiachilia, ama kukataa kutulia. Ukiisikia hivyo, izime hapohapo. Kurekebisha skrubu za kabureta kutaficha ugonjwa kwa muda, na pistoni itaungua ukidhani umetengeneza.

Kwa wale wa kusukuma, ukishatengeneza briza ama gasketi, mashine bado itatoa moshi ukiiwasha. Usipanike. Oili ilikuwa imeshaingia kwa sailensa na inahitaji muda ichomeke. Safisha chujio ama weka jipya, iache ingurume mahali pa wazi kwa dakika kadhaa, kisha uangalie kipimo cha oili tena kabla ya kuifunga kwa nduthi.